Ahadi Ukingoni mwa Peni: Kisa cha Sarafu za Shaba za Anglesey

Peni moja ya shaba ya mwaka 1787 ukiishika leo inajaza kiganja. Ina uzito wa karibu wakia moja, kama gramu 28. Upande mmoja kuna kichwa cha mzee mwenye ndevu aliyejifunika kofia ya joho, kimezungushiwa majani ya mwaloni. Mfalme hayupo. Upande wa pili zimefumwa herufi tatu, P, M na C, na kuzizunguka kuna maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Tunaahidi kumlipa mwenye nayo peni moja." Igeuze sasa uitazame ubavuni, kwenye ukingo ambao wengi hawautazami, na ahadi inakamilika: akiidai, London, Liverpool au Anglesey.

Ukingo huo ndio ulionifanya niandike. Nusu peni ya Mfalme George III haikuahidi chochote. Ilikuwa na sura yake tu, na aliyeipokea alijua mwenyewe ataipeleka wapi. Hii nyingine ilitolewa na kampuni ya machimbo, Parys Mine Company, bila kuagizwa na mfalme wala bunge, na ndani ya miaka michache ilikuwa inapokewa madukani mbali kabisa na kisiwa ilikotoka. Inahesabiwa kwamba zilipigwa tani 250 za peni na tani 50 za nusu peni. Kwa uzito wa wakia moja kila peni, hizo ni karibu peni milioni 9, na nusu peni zaidi ya milioni 3.5. Nani alimlazimisha mtu kuzipokea? Hakuna. Sheria haikumshurutisha yeyote. Watu walizikubali kwa hiari yao, na nataka kueleza kwa nini.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni uzito: shaba ilikuwa nyingi, basi watu wakaamini. Mimi naona hilo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo.

Siku ya malipo

Tuanze na ujira, maana shida ilianzia hapo. Kibarua wa kawaida wa Uingereza wa miaka ile alipata kama shilingi moja kwa siku, yaani peni 12. Sarafu ndogo ya dhahabu iliyozoeleka, nusu gini, ilikuwa na thamani ya shilingi 10 na peni 6, zaidi ya ujira wake wa wiki nzima. Fedha ndiyo ingemfaa, ila bei ambayo karakana ya mfalme iliipa fedha ilikuwa chini ya bei ya soko, kwa hiyo hakuna aliyepeleka fedha yake huko kupigwa sarafu. Ilipakiwa melini kwenda India na China kununulia vitambaa na chai. Shilingi chache zilizobaki mitaani zilikuwa zimelika hadi uso wa mfalme ukafutika. Ikabaki shaba.

Na shaba haikuwa na mwenyewe. Royal Mint, karakana ya sarafu iliyokuwa ndani ya Tower of London, ilijiona kuwa imewekwa kwa ajili ya dhahabu na fedha. Shaba iliipiga kwa shingo upande, nusu peni na robo peni basi, na baada ya mwaka 1775 ikaacha hata hizo. Peni nzima ya shaba yenye jina la mfalme haikuwepo kabisa hadi mwaka 1797. Mfanyabiashara wa Manchester au Birmingham aliyetaka chenji alipaswa kuifuata London na kugharimia usafiri wa mizigo hiyo mizito mwenyewe. Tena ilikuwa safari ya upande mmoja: Mint haikuipokea tena shaba iliyokwisha kuitoa. Shaba ikishatoka Tower, Tower imemalizana nayo. Naomba msomaji alishike jambo hilo, nitalirudia.

Pengo likajazwa na waghushi. Ratili moja ya shaba ilitoa nusu peni 46 za mfalme, yaani thamani ya peni 23, wakati ratili yenyewe ya shaba ilinunuliwa kwa chini ya peni 10. Tofauti hiyo ilikuwa mwaliko. Fundi mwenye kibanda, tanuri dogo na muhuri wa chuma aliweza kuyeyusha sarafu halali, akaongeza risasi au madini mengine ya bei rahisi, akapiga nyepesi zaidi na kubaki na faida. Tangu mwaka 1742 adhabu ilikuwa kifungo cha miaka miwili. Mwaka 1771 kosa likapandishwa daraja likawa jinai kubwa, na ughushi ukaendelea vilevile. Mint ilipochunguza mwaka 1787 sarafu za shaba zilizokuwa mikononi mwa watu, iliona ni asilimia 8 tu zilizofanana kiasi cha kuridhisha na sarafu za mfalme. Nyingine zilikuwa duni waziwazi, na baadhi yake ni vipande laini visivyo na chapa yoyote.

Matthew Boulton, mwenye viwanda wa Soho karibu na Birmingham, ambaye tutakutana naye tena, aliandika mwaka 1789 kwamba katika safari zake, chenji aliyorudishiwa kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara ilikuwa bandia kwa wastani wa theluthi mbili. Akaeleza pia jambo ambalo kila nikilisoma linanichoma. Waajiri wa hali ya chini walinunua kwa waghushi shaba ya thamani ya shilingi 36 kwa shilingi 20, kisha wakawalipa wafanyakazi wao kana kwamba ni 36 kamili. Mwajiri amepunguza ujira karibu nusu bila kutamka neno. Mama wa nyumba akienda dukani na fungu lile, muuza duka anazitupatupa kwenye kaunta, anachagua, anakataa, au anapandisha bei ya mkate. Hasara yote inaishia jikoni kwa mfanyakazi.

Waajiri wengine waliokosa hata hizo bandia walilipa kwa bidhaa, au waliwapa wafanyakazi kadhaa sarafu moja kubwa wagawane. Wakagawane wapi? Kilabuni, ambako mwenye kilabu aliivunja kwa sharti kwamba wanywe kwanza.

Ndipo naona chanzo cha kisa. Wale wa Tower hawakuwa na mamia ya watu waliopanga foleni kusubiri peni zao. Mwenye machimbo alikuwa nao.

Mlima wa Parys na wakili wake

Anglesey ni kisiwa cha kaskazini-magharibi mwa Wales. Kwenye kona yake ya kaskazini upo mlima usio mrefu uitwao Parys, na hadi leo ukiutazama unaona udongo wa rangi nyekundu, njano na zambarau usioota kitu. Kwa masimulizi ya huko, tarehe 2 Machi 1768 mchimbaji aitwaye Roland Puw aligonga mwamba tajiri wa shaba karibu kabisa na uso wa ardhi, akazawadiwa chupa ya brandi na nyumba ya kuishi bila kodi. Tarehe hiyo wachimbaji waliendelea kuiadhimisha kila mwaka.

Utajiri ulipoonekana ugomvi ukafuata. Ardhi ilikuwa ya familia mbili, ya Sir Nicholas Bayly na ya mke wa mchungaji Edward Hughes, na kesi ikavutwa miaka kadhaa. Wakili aliyesimama upande wa Hughes alikuwa kijana wa kisiwani, Thomas Williams, aliyezaliwa mwaka 1737. Hakuwa mtu wa migodi. Alikuwa mtu wa hati, mikataba na mahakama, na kesi ilipokwisha hakurudi ofisini kwake: mwaka 1778 alikuwa mmoja wa wabia walioanzisha Parys Mine Company pamoja na Hughes na mwenye benki wa London, John Dawes. Mwaka 1785 upande wa pili wa mlima nao ukaingia mkononi mwake kupitia Mona Mine Company, kwa ubia na mtoto wa Bayly, Lord Uxbridge. Miaka michache baadaye alikuwa anauza hata shaba ya Cornwall, iliyokuwa mpinzani wake. Wachimbaji walimpa jina la Kiwelisi, Twm Chwarae Teg, yaani Tom wa haki.

Watu zaidi ya 1,000 walifanya kazi mlimani. Wanaume walichimba na kulipua, na mwamba ukishafika juu ulipokewa na wanawake. Waliketi kwenye safu, nyundo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika jiwe ukiwa ndani ya glavu yenye pete za chuma za kukinga vidole, wakipasua na kuchagua siku nzima. Copar Ledis, ndivyo walivyoitwa, mabibi wa shaba. Chini yao kijiji cha Amlwch kiligeuka kuwa mmoja wa miji mikubwa ya Wales, na bandari yake ikajaa mashua za kupeleka mbale kwenye matanuri ya Lancashire na Swansea. Shaba iliyosafishwa ilikwenda kwenye mitambo ya maji ya bonde la Greenfield, Holywell, ikafuliwa kuwa mabati, misumari na sufuria. Wateja wakubwa walikuwa jeshi la majini na wenye meli, maana sehemu ya chini ya meli ikifunikwa bati la shaba, funza wa baharini hawezi kuitoboa.

Tazama basi Williams alikuwa na nini mwaka 1787. Shaba ilikuwa nyingi kuliko wanunuzi, na bei ilikuwa chini. Watu wake walihitaji malipo na chenji halali haikupatikana. Alikuwa na fundi na mitambo ya kufua shaba. Na alikuwa na ofisi na wateja London na Liverpool, miji iliyoliamini jina la kampuni. Mtu mwingine angekuwa na moja au mawili kati ya hayo. Yeye alikuwa nayo yote, tena alikuwa mwanasheria, anayejua tofauti ya kusema na kuandika.

Wakia moja

Peni za kwanza zilipigwa Holywell, kisha kazi ikahamia Birmingham, kwenye karakana ya Great Charles Street. Kichwa kile cha mzee ni cha Druid, kuhani wa dini ya kale ya Waselti. Anglesey ilikuwa ngome ya makuhani hao, na mwandishi wa Kirumi Tacitus alisimulia jinsi majeshi ya Roma yalivyovuka maji kuwashambulia. Kampuni ikachagua alama ya kisiwa, ikaiacha sura ya mfalme. Uamuzi huo ulikuwa na maana ya kisheria pia: sarafu isiyoiga sarafu ya mfalme si ughushi. Watu wanaobuni kitu kipya mara nyingi hupuuza jambo kama hilo. Wakili hakulipuuza.

Uamuzi wa pili ulikuwa uzito. Kwa kipimo cha Tower, ratili moja ya shaba ilitoa peni 23. Williams akatoa peni 16 tu, wakia moja kila moja. Angeweza kabisa kupiga nyepesi zaidi na watu wangezipokea, kwa jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Kwa nini akatupa faida?

Hakuitupa yote. Kwenye kila ratili bado palikuwa na nafasi kati ya bei ya shaba, chini ya peni 10, na peni 16 zilizotoka humo, ingawa sehemu yake iliishia kwenye gharama za kupiga. Alichokataa ni ule upana uliomlisha mghushi. Atakayeiga peni ya Druid kwa uzito uleule atahitaji mihuri mizuri, mashine nzito na maandishi ya ukingoni, na faida itakayobaki ni nyembamba. Atakayeiga kwa uzito pungufu atakamatwa na mizani ya muuza duka, au hata na kiganja chake. Wachongaji walikuwa hodari, akiwemo John Gregory Hancock wa Birmingham, na kazi yao ilionyesha kwenye kila unywele wa ndevu za yule mzee. Mbele ya vipande laini vilivyokuwa vinazunguka, peni hii ilionekana kama imetoka nchi nyingine.

Hapo hoja ya uzito inakamilika, na wengi huishia hapo. Wasipogeuza ukingo wamekosa kisa.

Ahadi iliandikiwa nani

Fikiria mchimbaji wa Amlwch aliyelipwa peni 12 za Druid. Je, atasafiri hadi London kudai shilingi yake? Hatasafiri. Ofisi ya Anglesey iko jirani, lakini hata huko hana haja, maana anataka unga na mishumaa. Atazipeleka dukani, na kazi yake na peni zile inaishia hapo. Kwa mchimbaji, maneno ya ukingoni ni kama pambo.

Msogelee sasa muuza duka. Kwake zinaingia kila siku, kutoka kwa kila mteja, na zinajaa droo. Yeye deni lake si la peni moja moja. Anadaiwa pauni kadhaa na mwenye ghala wa Liverpool, na mwenye ghala hataki kuletewa magunia ya shaba. Shaba ya mfalme ilimkwamisha hapo hasa, kwa lile jambo nililoomba lishikwe: Tower haikuipokea tena. Hivyo hata pale ambapo sarafu zilikuwa halali, wauza duka na watengeneza bia walijikuta wamekalia marundo yasiyo na pa kwenda, huku mwajiri wa maili 30 mbele analia hana chenji. Chenji ilikuwa haba mahali pamoja na imefurika mahali pengine, kwa wakati mmoja.

Ahadi ya ukingoni ilikata mzizi wa hilo. Muuza duka anajaza mfuko wa peni, anaupeleka Liverpool, anapewa dhahabu au hati ya benki, na deni lake limelipika. Kampuni nayo inazipokea peni zake na kuzitoa upya siku nyingine ya malipo. Sarafu ikawa na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Kwa hiyo aliyeandikiwa ahadi ni mwenye duka, na kwa kuwa mwenye duka alikuwa na uhakika, hakuwa na sababu ya kumkatalia mke wa mchimbaji. Mchimbaji alinufaika na ahadi ambayo hakuwahi kuidai.

Waswahili tunasema ahadi ni deni, na hapa msemo huo ni maelezo halisi ya hesabu: kila peni iliyotoka Great Charles Street ilikuwa deni kwenye vitabu vya kampuni. Mint ya mfalme ilitoa shaba ikahesabu faida. Kampuni ilitoa shaba ikahesabu deni. Anayejua kwamba kitu kitamrudia akidaiwa atajiangalia anakitengeneza namna gani na anatoa vingapi, na hilo ndilo lililomlinda mpokeaji kuliko gramu za shaba. Hata uchaguzi wa miji ulikuwa wa maana. London na Liverpool ndizo zilizokuwa na ofisi na wadeni wa kampuni, ndiko bidhaa za maduka zilikotoka. Ahadi ya kulipwa Amlwch peke yake isingevuka kisiwa.

Shaba ileile

Siwezi kumsifu Tom wa haki nikaishia hapo. Katika bonde lilelile la Greenfield, shaba ya mlima uleule ilifuliwa kuwa sufuria, masinia na bangili nzito zilizopelekwa pwani ya Afrika Magharibi kununulia watu. Mwaka 1788, wakati bunge linajadili kuiwekea mipaka biashara ya watumwa, Williams aliwasilisha ombi la kupinga. Alieleza kwamba yeye na wabia wake wamewekeza pauni 70,000 katika viwanda vya bidhaa za soko la Afrika, bidhaa zisizouzika kwingine kokote. Huo ni mwaka mmoja baada ya peni ya kwanza ya Druid.

Nimeliwaza sana jambo hili. Mtu aliyeelewa kwa undani kuliko serikali yake nini maana ya kumtendea haki mpokeaji wa peni moja, aliwaona waliofungwa minyororo kama bidhaa za wateja wake. Miaka michache baadaye mtindo huohuo wa sarafu za binafsi ukabeba picha ya mtu mweusi aliyepiga goti akiwa amefungwa, na kuizunguka maneno ya kuuliza kama yeye si mtu, na ndugu. Nusu peni hizo zilizunguka Uingereza kuanzia kati ya miaka ya 1790. Shaba haichagui kinachoandikwa juu yake.

Waigaji, na mfalme anapoiga

Mafanikio yalivuta watu. Mwaka uleule wa 1787 John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, alitoa tokeni, yaani sarafu za binafsi, zake mwenyewe akaweka uso wake pale ambapo ungekaa wa mfalme. Kufikia miaka ya 1790 mamia ya wafanyabiashara na miji walikuwa na zao. Coventry ikamweka Lady Godiva, bibi wa hadithi ya kale ya mji huo, juu ya farasi. James Lackington, muuza vitabu wa London, akatangaza duka lake kwa nusu peni. Thomas Spence, mwanamapinduzi maskini, akazigeuza kuwa vikaratasi vya siasa vya shaba.

Hapa ndipo mtu anaweza kupima hoja yangu. Waigaji wengi walichukua uso wa sarafu wakaacha ukingo. Waliotaja duka lao, mtaa na mji, na wakalipa kweli walipodaiwa, tokeni zao zilitembea vizuri katika wilaya zao hata zilipokuwa nyepesi kuliko za Anglesey. Wengine waliandika miji mitatu minne bila jina la mlipaji, au waliacha ukingo mtupu. Hizo hazikuwa na wa kumrudia. Zilikuwa shaba tu, na zilipopungua uzito hata ushaba wenyewe ulikuwa wa mashaka. Peni za Druid nazo zilighushiwa kwa wingi, na maandishi ya ukingoni yaliyovurugika ni moja ya dalili za kuzitambua. Baadaye mafundi wakaanza kuchanganya mihuri makusudi, uso wa tokeni hii na mgongo wa ile, ili kuwauzia wakusanyaji vitu adimu. Sarafu ya namna hiyo haina deni kwa mtu.

Kampuni yenyewe ilikuwa imejitoa mapema. Mwaka 1789 Williams alimwachia Boulton kazi ya kupiga. Boulton, mbia wa James Watt, alikuwa amefunga mashine za kupigia sarafu zinazoendeshwa kwa mvuke huko Soho, na kwa miaka mingi aliisumbua serikali impe kandarasi ya shaba ya taifa. Aliipata mwaka 1797, baada ya Benki ya Uingereza kusitisha mwezi Februari kulipa dhahabu kwa noti zake na nchi kukosa chenji zaidi kuliko mwanzo. Kandarasi ya kwanza ilikuwa tani 500. Zikatoka peni pana zenye ukingo mnene wa kuinuka, watu wakaziita magurudumu ya mkokoteni.

Uzito wa peni hiyo ya mfalme? Wakia moja. Peni 16 kwa ratili, sawasawa na Druid. Serikali iliiga uzito na haikuiga ahadi. Ikaweka imani yake yote kwenye shaba yenyewe: sarafu ibebe thamani yake ndani, basi hakuna haja ya kuahidi. Muda si mrefu bei ya shaba ikapanda. Kufikia mwaka 1805 ratili ya shaba ilikuwa na bei kubwa kuliko peni 16 zilizotengenezwa kutokana nayo, na magurudumu yakaenda kwenye matanuri. Serikali ilikuwa imeanza kushuka tayari: mwaka 1799 nusu peni 36 kwa ratili, kisha mwaka 1806 nusu peni 48, nyepesi hata kuliko zile za zamani zilizochekelewa na waghushi. Wakia ile, iliyokuwa kinga dhidi ya mghushi, iligeuka kuwa sababu ya sarafu kuuawa. Peni ya Druid nayo ilikuwa katika hatari hiyohiyo ya kuyeyushwa, lakini kilichoifanya ipokewe tangu mwanzo hakikutegemea bei ya siku.

Williams alifariki mwaka 1802, mwamba tajiri wa Parys ukiwa umekwisha kuchimbwa. Peni zake ziliendelea kuonekana madukani, na wimbi jipya la tokeni likaja mwaka 1811 na 1812 chenji ilipoadimika tena. Mwaka 1817 bunge likapitisha sheria ya kuzipiga marufuku. Kuanzia Januari 1818 tokeni za binafsi hazikuruhusiwa tena kutembea, isipokuwa chache za halmashauri zilizowahudumia maskini, kama za Birmingham, zilizopewa muda wa ziada kwa sababu waliokuwa nazo wasingeweza kubeba hasara.

Mashine za Soho ziliuzwa kwa mnada mwaka 1850. Aliyenunua vifaa vya kupigia sarafu ni Ralph Heaton wa Birmingham, na karakana aliyoijenga juu ya ununuzi huo ikapata wateja duniani kote. Mwaka 1888 kampuni nyingine ya binafsi, Imperial British East Africa Company, ilipotaka fedha za kutumia Mombasa, iliagiza rupia zake kwa Heaton, na ukiziangalia utakuta herufi H ya karakana hiyo. Miaka miwili baadaye kampuni ya Kijerumani, DOAG, ikaleta pesa za shaba upande wake wa pwani, zikiwa na maandishi ya Kiarabu yanayoitaja kuwa shirika la Ujerumani. Kwenye sarafu hizo zote jina la kampuni limeandikwa wazi. Neno la kuahidi kumlipa mwenye nayo halipo.